Kanda za Nyumbani Kabla ya Operesheni

Jina la Mama Kanda hakupewa na wazazi wake, na wala hakulitafuta. Lilimfuata tangu siku studio ya picha aliyokuwa akifanyia kazi ilipofunga milango. Mwenye studio, mtu mwenye huruma lakini mifuko mitupu, aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achukue kifaa kimoja cha kuanzia maisha. Wenzake wakagombania kamera na taa. Yeye akakumbatia deki ya video, ile nzito ya kuchezea kanda, akatoka nayo mlangoni huku wenzake wakishika mbavu.

"Hiyo utaipikia?" mmoja akamuuliza.

"Nitaipikia," akajibu, akaendelea na safari yake.

Hakuwa mjinga. Pale studio alikuwa akisikia wateja wakiuliza swali lile lile mwaka nenda mwaka rudi: kanda tunazo, deki imekufa, tufanyeje? Harusi zilikuwa zimelala kabatini, watoto waliokwisha kuwa wazazi walikuwa wamelala chini ya vitanda, na hapakuwa na mashine ya kuwaamsha. Mumewe, fundi wa friji, akamwachia chumba cha mbele alichokuwa akirundika vipuri. Akapanga meza, deki, kompyuta, runinga ndogo, chupa ya spiriti na pamba ya kusafishia. Mteja wa kwanza alipomwona mwanawe, ambaye sasa alikuwa ng'ambo, akitambaa sakafuni kwenye runinga, alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kuanzia hapo kazi haikukauka.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza kanda inachezwa kwenye deki huku kompyuta ikiinasa. Hapo hakuna ujanja. Kanda ya saa nzima itakula saa nzima, hata ukiipigia magoti. Faili linalotoka huwa zito kama gunia la mawe, simu haiwezi kulibeba. Ndipo inakuja hatua ya pili, ya kulibana. Kompyuta inapitia picha moja moja, inatupa kinachojirudia na kubakiza kinachohitajika, mpaka faili linakuwa jepesi. Ukibana vizuri, jicho halitambui kilichoondolewa. Ukibana vibaya, nyuso za watu zinageuka vigae.

Kwenye hatua hiyo ya pili Mama Kanda alikuwa na maringo yake. Programu yake ilikuwa na ngazi za mwendo, kutoka haraka sana hadi polepole kabisa, naye aliweka polepole kabisa na hakuigusa tena. Isitoshe, kabla ya kubana aliikuza picha, ili ijae kwenye zile runinga pana ambazo watu wanatundika ukutani siku hizi. Kanda moja iliweza kuichosha kompyuta kutwa nzima na usiku kucha. Wateja wakilalamika aliwajibu, "Mimi sikimbizwi. Ukitaka ya kulipua, wapo wanaolipua." Wakanyamaza, wakasubiri.

Hali ilikuwa hiyo mpaka dada yake alipokuja.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Mama Kanda akiwa bado mdogo, na dada akaacha shule, akashika nyumba. Waliishi miji tofauti na hawakuonana mara kwa mara. Siku hiyo aliteremka kwenye teksi akiwa na sanduku la nguo na katoni iliyofungwa kamba, na Mama Kanda akaona jinsi alivyopapasa ngazi ya baraza kwa ncha ya kiatu kabla ya kupanda.

"Dada, macho?"

"Macho. Niache nikae kwanza."

Alipokwisha kunywa maji akaeleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Ilianza kula pembeni, kidogo kidogo, hata mwenyewe asijue, mpaka akawa anagonga milango iliyo wazi. Katikati bado alikuwa akiona, tena vizuri. Daktari alikuwa amempangia operesheni mwisho wa mwezi ili kuzuia isiendelee.

"Basi si vizuri?" Mama Kanda akauliza.

"Ni vizuri. Lakini amenieleza wazi. Jicho lililochoka namna hii linaweza kuzimika pale pale mezani. Hutokea mara chache, lakini hutokea." Akaisukuma ile katoni kwa mguu. "Kwa hiyo kabla sijaenda nataka kumwona mama."

Ndani ya katoni mlikuwa na kanda za baba yao. Baba alikuwa mpima ardhi, na wakati fulani ofisi yake ilimkopesha kamera kwa ajili ya mradi mmoja uliochukua muda mrefu. Mwisho wa juma kamera ilikaa nyumbani. Baba hakuwa na subira nayo. Alimfundisha binti yake mkubwa namna ya kuishika, kisha akaenda kulala. Ndiyo maana karibu kila kilichokuwa ndani ya kanda zile kilipigwa na dada. Tangu mama afariki hakuna aliyekuwa amezitazama.

"Si uziweke tu kwenye deki yako nitazame?"

Mama Kanda akamwonyesha utepe chini ya taa. Ulikuwa umeota ukungu mweupe kingoni. "Nikizisafisha zitakubali kuchezwa mara moja, pengine mbili. Ukiniambia nisimamishe hapa, nirudishe pale, zitakatika. Nitazinasa kwanza, halafu nitakubania vizuri, uwe nazo kwenye tableti. Utasimamisha unavyotaka, utapumzisha macho unavyotaka."

"Itachukua muda?"

"Kidogo," akajibu, na hapo hapo akajua anamdanganya.

Kunasa kulikwenda salama. Alisafisha utepe kwa pamba na spiriti, akafuta kichwa cha deki kila baada ya kanda moja, akakaa ameshika roho mkononi huku chenga zikipita kwenye runinga ndogo. Hakuna kanda iliyokatika. Lakini kubana kulipoanza, mambo yakaenda mrama. Kwa mwendo wake wa siku zote, kanda ya kwanza iliwekwa baada ya chai ya asubuhi, na kiza kilipoanza kuingia ilikuwa haijafika nusu. Sebuleni dada aliketi na tableti tupu mapajani.

"Bado?"

"Bado, dada."

Kesho yake ikawa vile vile. Hakuhitaji kuwa mwanahisabati kujua kwamba kwa mwendo ule dada angepanda kitanda cha operesheni akiwa hajaona hata robo ya katoni.

Basi akapiga moyo konde, akafanya alichoapa hatafanya. Akaishusha ngazi hadi haraka sana, na akalazimisha faili litoke dogo kama kawaida. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Akakimbia sebuleni kama aliyeshinda mbio.

Dada aliisogeza tableti karibu na uso, akaitazama. Mwanamke mmoja alikuwa akipita uani amebeba beseni.

"Mdogo wangu, huyu ni mama?"

"Ni mama, ndiyo."

"Mbona amejaa viraka?"

Mama Kanda akainama. Kila mama alipotembea, uso wake ulivunjika vipande vya mraba, na alipotulia ukajiunga tena shingo upande. Kwa jicho linaloona mahali padogo tu, pale padogo palikuwa ni kiraka. Akalichukua lile faili akalifuta, masikio yakimwaka moto.

Mchana ule mumewe alirudi kuchukua mtungi wa gesi, akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele, kichwa kimeelekea kompyuta, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hii mashine yako inahema."

"Inafanya kazi, ndiyo maana inahema."

"Hapana. Inahema kama mgonjwa. Lini umeifungua?"

Hakukumbuka kuifungua kabisa. Fundi wa friji akaizima, akaitoa nje barazani, akafungua ubavu wake. Vumbi lilikuwa limeshikana kwenye feni na kwenye yale mapezi ya kupoozea mpaka limekuwa blanketi.

"Friji ikifika hapa," akasema, akilivua lile blanketi kwa brashi ya rangi, "mwenyewe ananipigia simu kwamba nimemuuzia friji mbovu. Moto hauna pa kutokea. Hii kompyuta ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe, isije ikaungua. Umekuwa ukiendesha gari breki imeshikwa."

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote, bwana mkubwa?"

"Hukuniita. Mimi naitwa na wenye friji tu."

Akacheka kile kicheko chake kirefu, akaondoka na mtungi wake. Kompyuta iliporudi mezani, Mama Kanda akaona tofauti waziwazi. Kazi ya kutwa ikawa kazi ya nusu kutwa. Ilisaidia, lakini haikutosha, na sasa alikuwa amepata hamu ya kujua breki nyingine ziko wapi.

Akakata shauri kuacha kubahatisha. Badala ya kujaribu kanda nzima kila mara, angetafuta kipande kifupi, kile kigumu kuliko vyote kubana, akijaribie hicho tu. Kinachoisumbua kompyuta ni kutotulia: majani yanayotikisika, maji yanayoruka, kamera inayoyumba. Kamera ya dada haikuyumba. Alishika kama aliyezaliwa nayo. Mama Kanda akapekua faili moja baada ya jingine, mpaka akafika mahali picha ilipocheza kama mlevi.

Sauti ya mama ilikuwa karibu kabisa na kamera. "Nipe na mimi bwana. Kila siku wewe."

"Mama, utaiangusha!"

"Nikiangusha nitamlipa baba yako. Nenda kasimame pale."

Likaja anga. Ukaja ukuta, ikaja kamba ya nguo, zikaja nguo zinazochuruzika maji, ikaja miguu ya kuku anayekimbia. Kisha katikati ya yote hayo, amepinda kidogo, kichwa kimetoka kwenye picha kisha kikarudi, akasimama msichana mrefu mwenye gauni la mistari, mkono mmoja umefunika mdomo kwa kicheko, nyuma yake majani ya mti yakipeperuka. Alikuwa dada, kabla ya msiba, kabla ya kushika nyumba. Mama Kanda hakuwa na kumbukumbu ya dada yake akicheka kwa namna hiyo, mwili mzima.

Halafu akafuta macho kwa upande wa kanga, akaanza kazi, kwa sababu kipande kile kilikuwa na kila kitu alichokitafuta.

Akakibana polepole kabisa. Akakibana kwa ngazi ya wastani. Safari hii hakulazimisha ukubwa wa faili. Aliiambia programu ishikilie ubora ule ule, faili litoke na uzito wowote. Akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akatafuta vigae kwenye majani. Akatafuta kwenye kicheko. Hakuona. Hakujiamini, akamsubiri mumewe, akamwonyesha bila kumwambia ipi ni ipi.

"Nzuri ni ipi?"

Mumewe akatazama, akarudia, akakuna kidevu. "Hii."

Alikuwa amechagua ile ya wastani.

"Una hakika?"

"Sina. Nilidhani ni mtihani, nikaogopa kunyamaza."

Tofauti pekee ilikuwa uzito. Faili la wastani lilikuwa kubwa kidogo, basi. Mama Kanda akaegemea kiti. Miaka yote ile kompyuta yake ilikuwa ikijiua kutwa nzima ili kupunguza uzito wa faili, siyo kuongeza uzuri wa picha, na diski zake zilikuwa na nafasi ya kutosha kulaza kanda za mtaa mzima. Wale wateja aliowaambia hakimbizwi, waliosubiri mpaka wakachoka, hawakupata chochote cha ziada kwa kusubiri kwao. Akajicheka kwa sauti, ingawa si kwa furaha yote.

Kwa ngazi ya wastani kazi ikasonga. Siku iliyofuata alikuwa na kanda mbili tayari, safi, zimekuzwa kama kawaida yake. Akaunganisha runinga pana ya sebuleni, akamketisha dada mbele, akaanza na kile kipande cha mama. Alitaka kuuona uso wa dada akijiona.

Dada akatazama. Akarudisha kiti nyuma. Akatazama tena, akarudisha tena. Kiti kikakwaruza sakafu mpaka kikafika mlangoni, kikapita mlango, na mwisho dada akawa ameketi koridoni, mgongo ukutani, shingo imenyooshwa.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Namtafuta mama. Nimemsikia. Amesema nikasimame pale. Halafu?"

"Halafu wewe si huyo?"

"Huyo nani?"

"Wewe! Umevaa gauni la mistari. Unacheka."

Dada akamwita kwa mkono. "Njoo hapa. Kunja ngumi, acha katundu kadogo, weka kwenye jicho. Fumba lingine. Sasa tazama hiyo runinga yako."

Mama Kanda akafanya hivyo. Aliona kipande cha mstari. Akasogeza kichwa, akaona jani. Akasogeza tena, akaona kiwiko, na alipofika kwenye kiwiko lile jani alikuwa ameshalipoteza.

"Umenipa picha kubwa kama ukuta," dada akasema, bila hasira. "Mimi nachungulia kwa tundu la kitasa. Nipe ndogo, mdogo wangu. Ndogo lakini safi."

Kuikuza picha ndiyo kazi iliyobaki kula muda kuliko zote, na Mama Kanda alikuwa hajathubutu kuigusa kwa sababu ndiyo iliyomfanya ajione fundi. Akarudi kwenye kompyuta. Akabakiza kazi ya kuondoa ile mistari kama meno ya chanuo ambayo kanda za zamani huwa nayo mtu akikimbia. Hiyo ilihitajika, na haikuchukua muda. Kukuza akakutoa. Programu ikachukua kile kipande ikakimaliza hata hajasimama kwenda kunywa maji. Akailinganisha na ile iliyokuzwa, na ukweli haukumfurahisha: ndani ya ile kubwa hapakuwa na kitu ambacho hakikuwemo kwenye ndogo. Alikuwa akiivuta picha kama sweta, na sweta likivutwa haliongezi uzi.

Akampelekea dada tableti, picha ikiwa na ukubwa wake wa asili, dirisha dogo katikati ya kioo cheusi. Dada akanyoosha mikono, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akapata mahali pake.

"Nipe na mimi bwana," mama akasema kutoka kwenye tableti.

Anga, ukuta, kamba, kuku. Dada akagusa kioo, picha ikasimama.

Hakulia. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea kidogo, kisha akasema, "Gauni hili mama alinishonea kutoka kwenye pazia. Nililikataa. Nilisema nitachekwa." Akaicheza tena, akasimamisha pale pale. "Tazama nilivyo nalo. Kumbe lilinipendeza."

"Lilikupendeza sana."

"Na mama alijua kushika kamera kama anavyoshika kuku," dada akaongeza, na ndipo wote wawili wakacheka mpaka fundi wa friji akachungulia kutoka uani.

Kanda zilizobaki zilibanwa zote kabla ya siku ya safari, na muda ukabaki. Dada alikuwa akitazama kidogo, anafumba macho, anasimulia alichoona, anafumbua tena. Mengine Mama Kanda hakuwahi kuyasikia: kwamba mama alikuwa akiogopa kinyonga, kwamba baba aliimba vibaya kwa makusudi ili aombwe anyamaze akalale. Alimsikiliza huku akikunja nguo, deki ikiwa imezimwa.

Operesheni ilifanyika. Jicho la kushoto lilitulia, na daktari akasema halionyeshi dalili ya kurudi nyuma. La kulia halikupona. Ndani ya siku chache lilikuwa limezimika. Dada alimpigia simu mwenyewe kumpa habari zote mbili kwa sauti ile ile, kisha akauliza watoto wanaendeleaje na kama shemeji yake bado anasahau vifaa kwa wateja. Mama Kanda alijibu yote vizuri, akakata simu, akaenda kuketi barazani peke yake mpaka mumewe alipoleta kiti cha pili akakaa naye.

Chumba cha mbele kikabadilika. Kompyuta inafunguliwa ubavu na kupigwa brashi kila inapobidi, na fundi wa friji ameahidi kutotoza. Kukuza picha hakukufutwa; anayetaka kweli anakuziwa, ila anaelezwa kwanza. Mama Kanda sasa anauliza maswali ambayo zamani hakuuliza: nani atatazama? Atakaa wapi? Anaona vipi? Wateja wengine wanashangaa, wanadhani wamekosea mlango wakaingia kliniki. Kazi inatoka mapema, na mmoja wao, bibi mwenye kanda za ubatizo wa wajukuu, alirudi kulalamika kwamba imekwisha haraka mno, lazima kuna kitu kimerukwa. Ilibidi akae atazame yote mpaka mwisho ndipo akubali.

Na simu za dada hazikuisha. Wiki iliyopita alipiga asubuhi, Mama Kanda akiwa na pamba mkononi.

"Ile kanda ya mvua. Nyuma ya uzio anapita mwanamume amebeba kiti kichwani. Ni nani yule?"

"Si yule jirani seremala?"

"Seremala alikuwa mfupi."

"Dada, ulikuwa msichana mdogo. Kila mtu ungemwona mrefu."

"Ndiyo nakwambia, mimi nilimwona mfupi hata wakati huo. Fungua ya kwako. Simamisha pale anapogeuka, utazame vizuri, halafu unipigie."

Mama Kanda akaiweka pamba chini, akavuta kiti, akalitafuta lile faili.